Maji ya Maganda

Utumbo wa ng'ombe aliyechinjwa asubuhi haufi papo hapo pamoja na mwenyewe. Hilo nalijua tangu nikiwa kidato cha nne, kwa hiyo juzi, kwenye msiba wa mama yake Imelda kule Mfaranyaki, Songea, binti mmoja aliporuka kutoka kwenye beseni akipiga kelele kwamba nyama imemgusa, mimi niliendelea kuosha. Wanawake tuliokuwa uani tukiandaa chakula cha kuanua matanga tulicheka, kicheko kile cha msibani ambacho mtu anakibana na khanga. "Umeona shetani, wewe?" "Shangazi, unajikunja! Naapa, umejikunja wenyewe!" "Unamtafuta mwenyewe," akasema mama aliyekuwa anamenya vitunguu, "msalimie basi." Hapo ndipo Imelda akatoka ndani, mfiwa mwenyewe, khanga kichwani, macho yamevimba. Siku hizi ni mfamasia Dar es Salaam, na hata kwenye msiba wa mama yake watu walikuwa wanamnong'oneza juu ya presha zao na migongo yao. Akainama juu ya beseni, akatazama kile kipande kikikaza na kulegea, kikikaza na kulegea, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama akatabasamu. "Hiyo ni kalsiamu tu," akamwambia yule binti. "Ngoja nikusimulie. Mimi na huyu Skola tuliwahi kufufua utumbo mbele ya wageni." Akavuta kigoda akakaa. Mkono wangu ukasimama ndani ya maji. Nitasema alivyoisimulia, lakini kwanza niseme ilivyokuwa, maana nilikuwepo, na mpaka juzi sikuwahi kuisema.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Majengo, ambayo tulizoea kuyaona rafu tupu na mwenye duka amekaa mlangoni kama mlinzi wa kitu kisichokuwepo, yalijaa ghafla sabuni zenye harufu ya matunda, redio kaseti, viatu vya mitumba vilivyofungwa jozi jozi, na chupa za chai zenye maua mekundu. Kila mtu akawa na kabiashara kake. Walimu nao wakapata ruksa yao, tuisheni, na Mwalimu Kyaruzi wetu wa baiolojia alifundishia sebuleni kwake, nyuma ya shule, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, huku mkewe, Mama Koku, akipitisha sahani za ndizi katikati ya mchoro wa figo. Mwalimu alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya redio. Alifundisha kama anayetangaza mpira. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mzazi wa mwenzake, kwa wivu na kwa adabu.

Mimi nilikuwa mpole kwa kiasi cha kuudhi. Nikiitwa jina darasani, jibu nililokuwa nalo nusu dakika kabla liliondoka. Jioni, kwa shangazi yangu nilikokuwa nakaa, niliandika kwenye daftari la shajara yote ambayo ningesema. Msomaji wangu alikuwa mmoja tu, Imelda, niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Nilimnong'oneza swali, naye akanyoosha mkono: "Mwalimu, Skola anauliza..." Hakuwahi kulifanya la kwake. Hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Niliona kwamba mtu anayebeba swali lako na kulifikisha na jina lako juu yake, huyo unaweza kumpa kitu chochote akubebee.

Mwaka ule Mwalimu Kyaruzi alijenga mtambo. Nauita mtambo, lakini ulikuwa chupa ya kioo iliyokatwa kitako, ikazibwa mdomo, ikasimamishwa kichwa chini ndani ya sufuria ya maji ya vuguvugu, jiko la mkaa limewekwa mbali kidogo ili joto lisizidi la mwili. Ndani ya chupa, kwenye maji ya chumvi yaliyopimwa, tulining'iniza kipande cha utumbo wa mbuzi kirefu kama kidole. Chini kimefungwa, juu kina uzi, na uzi umeshika bua jembamba lililokaa kwenye pini kama mizani. Kwenye ncha ya bua kulikuwa na bendera ya karatasi nyekundu. Pampu ya baiskeli ilipitisha mapovu ya hewa kupitia mpira mwembamba, maana utumbo nao unapumua. Ukikaza, unavuta uzi, bendera inapanda. Ukilegea, inashuka. Mara ya kwanza nilipoiona ikipanda bila mtu kuigusa, nilishika mkono wa Imelda mpaka akanifinya nimwachie.

Kwenda kuchukua utumbo ilikuwa kazi yangu, kwa sababu njia yangu ilipita machinjioni. Nilibeba chupa ya chai ya Mama Koku, ile ya maua, ikiwa na maji ya chumvi ya moto kiasi. Mzee Issa, mchinjaji, alikuwa akiniona tu anaanza. "Mwanafunzi wa supu umefika?" "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Leo unakunywa hapa au unabeba?" "Nabeba." "Wenzako wanasoma vitabu, wewe unasoma matumbo. Haya, shika, huyu alikuwa mbuzi mwerevu." Alinichagulia sehemu nyembamba, akaisafisha kwa upole ambao sikuutegemea kwa mikono ile, akaitumbukiza. Mama Koku aliwahi kumimina chai kwenye ile chupa akaonja, akatema. Siku ile mumewe alikula nje.

Mwalimu alitueleza sababu ya yote kwa chaki nyeupe na nyekundu, na nadhani sijawahi kusikia kitu kikielezwa vizuri zaidi. Chembe ya msuli wa utumbo, alisema, ni nyumba yenye milango. Nje kalsiamu imejaa, ndani karibu hakuna. Wimbi dogo la umeme likipita ukutani, milango inafunguka. "Ruksa!" alipaza sauti, na darasa likacheka. Kalsiamu inaingia, lakini yenyewe haivuti kamba. Inapokelewa na protini inayoitwa kalmodulini. "Huyo ni balozi wa nyumba kumi. Akishapokea wageni wake wanne, anakwenda kumwamsha mnyapara, ambaye ni kimeng'enya. Mnyapara anawagawia vibarua posho, yaani fosfeti. Vibarua ndio myosini. Wakipata posho, wanaishika kamba ya aktini, wanavuta. Utumbo umekaza." "Na wasipopata posho, mwalimu?" akauliza Imelda. "Wasipopata wanakaa kivulini kama sisi walimu." Darasa likavunjika. Nikamnong'oneza Imelda. "Mwalimu, Skola anauliza wakishavuta wanaachaje." Mwalimu akageuka kutoka ubaoni. "Swali zuri, Skola. Kalsiamu inasukumwa nje, nyingine inarudishwa kwenye ghala la ndani. Mnyapara analala. Anakuja kimeng'enya mwingine, anawanyang'anya posho. Kamba inalegea. Ndiyo maana unakula ugali usiku, unalala, na kazi inaendelea bila wewe kuamrisha." Kisha akasema jambo ambalo nililiandika jioni ile na kulipigia mstari. Msuli wa mkono una ghala kubwa, unajitegemea. Utumbo ghala lake ni dogo, unategemea sana kinachoingia kutoka nje. Ukiuzungushia maji yasiyo na kalsiamu, baada ya muda mfupi utanyamaza, ingawa haujafa.

Kalsiamu ya maabara ilikuwa imekwisha siku nyingi, kwa hiyo tulitengeneza yetu. Nilikusanya maganda ya mayai kwa mama muuza chapati pale Majengo, nikayaosha, nikayaponda, nikayaloweka kwenye siki. Yalitoa povu yakichemka bila moto. Yalipotulia kabisa, nilichuja maji yake meupe kidogo kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Haya ndiyo maji ya maganda. Matone machache yalitosha. Na kila nilipoyatengeneza niliyaonja, kwa ncha ya ulimi, kwa sababu kwa shangazi yangu hakuna kitu kilichotoka jikoni bila kuonjwa. Yalikuwa na uchungu wa chokaa na ukakasi unaokausha mashavu. Mwalimu alinikuta mara moja akanigombeza: "Maabara si jiko, Skola!" Lakini sikuacha. Ulimi ndio uliokuwa unaniambia tayari.

Muhula wa pili tajiri mmoja akaja kutangaza kwamba anafungua shule binafsi ya sekondari, yenye kidato cha tano cha sayansi, jambo ambalo kwa wasichana wa kwetu lilikuwa adimu kama theluji. Angekuja kwenye siku ya wazazi kutazama maonyesho. Alikuwa anatafuta walimu, na alikuwa ameahidi kumchukua mwanafunzi mmoja wa kwetu, amsomeshe bure. Mwalimu Kyaruzi aliniita sebuleni kwake. Imelda alikuwa amekaa kwenye kiti kingine, anakula ndizi. "Mtambo ni wako, Skola," mwalimu alisema. "Maji ni yako, utumbo unaubeba wewe. Utasimama wewe, utaeleza wewe." Nikatikisa kichwa. "Utasimama. Kidato cha tano hakiendi kwa mtu anayenong'ona." Imelda akacheka na mdomo umejaa. "Ataweza, mwalimu. Nitamfanyisha mazoezi."

Na kweli alinifanyisha. Jioni nyingi alikuja kwa shangazi, tukakaa jikoni, moshi machoni, shangazi akichambua maharage kwenye ungo. Nilisimama mbele yao nikiwa na mwiko mkononi badala ya bua. "Sema kwa nguvu," shangazi aliniambia, "hayo maharage hayakuli." Imelda alinifundisha kutazama paji la uso la mtu badala ya macho, na kuanza na pumzi. Alinisahihisha nilipomsahau balozi. Kufikia wiki ya maonyesho niliweza kusema yote, kutoka mlangoni mpaka kwenye kamba, bila kukwama. Nilipomaliza mara ya kwanza shangazi aliweka ungo chini. "Kumbe una sauti," alisema. Sijui kama kuna sifa nyingine niliyowahi kupewa iliyonikaa kama hiyo.

Siku yenyewe maabara ilijaa. Wazazi walisimama mpaka mlangoni, tajiri alikaa mbele na suti ya kijivu, mkuu wa shule pembeni yake. Kabla hawajaingia mwalimu aliniambia kitu kimoja, akininyooshea kola: "Leo usinitie aibu. Usilambe vitu mbele ya wageni." Nikaona haya, nikaahidi. Imelda alikuwa na kazi ya pampu. Nilivuta pumzi, nikatazama paji la uso la tajiri, nikaanza. Bendera ilikuwa inapanda na kushuka vizuri katika maji ya kwanza, niliyoyatia matone tangu jana yake. Kisha, kama tulivyozoea, nikayamwaga yale maji ya kwanza, nikatia maji mapya ya chumvi yasiyo na kalsiamu, nikachukua kichupa changu, nikadondosha matone. Nikasema, "Na sasa mtaona inavyovuta zaidi." Bendera ikapanda kidogo. Mara ya pili ikaishia chini ya hapo. Ikasimama.

Nikadondosha tena. Haikutikisika. Nikaangalia moto, nikaangalia uzi, nikamwangalia Imelda, naye alikuwa anaitazama pampu. Mtu nyuma akasema, "Mbuzi kakata tamaa," na kicheko kikapita chumba kizima. Jambo la ajabu ni kwamba utumbo uliokuwa unakaza pale ni wangu. Ule wa kwenye kioo ulining'inia kama soksi, na wangu ulikuwa umejifunga fundo, wenye kalsiamu ya kutosha, usiosikia amri yoyote. Maneno yote yaliondoka. Mwalimu aliniacha nimesimama hivyo. Aliniacha muda mrefu kuliko mwalimu anavyopaswa kumwacha mtoto. Kisha akasema kwa ile sauti ya redio, "Ndugu wageni, nani atatuokoa?" Na Imelda akaacha pampu, akatoa mfukoni mwa sketi yake kichupa kingine.

Aliongea vizuri. Alisema kila neno tulilofanyia mazoezi jikoni kwa shangazi, milango, balozi, wageni wanne, mnyapara, posho. "Utumbo huu haujafa," alisema. "Umekosa kitu kimoja tu." Akadondosha. Tukangoja. Bendera ikatetemeka, ikapanda, ikashuka, ikapanda juu kuliko asubuhi yote, na watu wakapiga makofi kama kanisani siku ya Pasaka. Tajiri alisimama. Mimi nilikuwa bado nimeshika kichupa changu.

Wageni walipokwenda kula, nilibaki kuosha vyombo, ndiyo kazi niliyokuwa naiweza. Nikainua kichupa changu, na kwa kuwa hapakuwa na mgeni wa kuona aibu, nikakionja. Yalikuwa maji ya mvua. Hayakuwa na uchungu wala ukakasi, yalikuwa na ladha ile ya bati tu ya pipa lililokuwa chini ya paa la maabara. Jana yake nilikuwa nimekionja na kilikuwa sawa. Nilikaa kwenye stuli nikajitafutia sababu, ndivyo mtu afanyavyo. Labda nilibadilisha mwenyewe. Labda kuna mtu alikimwaga kwa bahati mbaya akajaza chochote.

Siku iliyofuata nilikwenda kurudisha chupa ya chai. Niliingia kwa mlango wa uani, Mama Koku alikuwa anamenya ndizi, na dirisha la sebule lilikuwa wazi. Tajiri alikuwa ndani, anacheka. "Lakini yule binti wa kwanza, mwalimu, aliigiza vizuri sana. Ningesema kweli amechanganyikiwa." "Alichanganyikiwa kweli," akajibu Mwalimu Kyaruzi. "Ningemwambia, angeigiza? Yule hata salamu zinamshinda. Utumbo unaotembea tu hauwashangazi watu, lazima kwanza waone umekufa. Imelda alibadilisha kichupa asubuhi, mimi nilimwambia tu." "Na huyo Imelda ndiye unayeniletea?" "Ndiye. Huyu mwingine ni mtoto mzuri, lakini..." Sikusikia lakini nini. Mama Koku alikuwa amesimama, kisu mkononi, ananitazama. Alijua kwamba nimesikia, na nilijua kwamba yeye alijua tangu jana. Akanipokea chupa. "Kaa ule, mwanangu," alisema. Akanipa sahani ya ndizi na maharage, nikala yote, pale pale, kwa sababu sikujua namna ya kukataa chakula. Tumbo lilipokea. Ndivyo lilivyo, haliulizi.

Imelda sikumuuliza. Nilimngoja aseme. Tulikaa dawati moja mpaka mtihani, na kila asubuhi alinisalimu, na kila asubuhi nilidhani ndiyo leo. Aliacha kunyoosha mkono kwa ajili yangu kwa sababu niliacha kunong'ona. Akaenda kidato cha tano kwa tajiri, mwalimu akaajiriwa huko huko, mimi nikabaki Songea na cheti changu cha kidato cha nne, na baadaye cherehani. Sisemi kwamba ningekuwa mfamasia. Huenda ningeshindwa kidato cha tano kama wengi. Ninachosema ni kwamba siku ile nilikuwa na sauti, ilinichukua jioni nyingi kuipata, na watu wawili walioijua ilipotoka ndio waliohitaji nisiwe nayo.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Juzi, kwenye kigoda, Imelda aliwasimulia wale wanawake habari yake. Alikumbuka bendera, pampu, hata suti ya kijivu. Anasimulia vizuri bado. "Basi maskini Skola," alisema, na kunigusa bega kwa upendo, nadhani ni upendo, "kwa woga wake akasahau kutia dawa! Utumbo ukakata kauli. Mimi nikaona jamani, rafiki yangu anaaibika, nikaingilia kati." Wanawake wakacheka, mama wa vitunguu akasema, "Rafiki wa kweli huyo." Yule binti akanigeukia macho yanameta: "Kweli, shangazi? Ulisahau?"

Neno lile ndilo sikulitegemea. Kichupa nilikuwa nimekizoea. Lakini kwamba kwa miaka yote hii, huko Dar es Salaam, kwenye harusi na ofisini na kwa watoto wake, nilikuwa yule aliyesahau, hilo lilikuwa jipya. Nikatoa mikono kwenye beseni. Nikatazama paji lake la uso, kama alivyonifundisha mwenyewe, nikavuta pumzi.

"Sikusahau," nikasema. "Nilitia. Kichupa kilikuwa na maji ya mvua. Nilikionja, Imelda."

Alikuwa mfiwa, na mfiwa haguswi, hilo nalijua kama ninyi. Aliangalia mikono yake. Alipoinua uso hakuwa mfamasia tena.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba, Skola," alisema polepole.

"Hata mimi."

Mama wa vitunguu, ili tu pawe na sauti, akafunua sufuria kubwa ya maharage na kuuliza kama kuna mtu ameshatia chumvi. Wengine wakatazamana. Nikasema bado. Akaniuliza nina hakika, nikamwambia ninayo, nilishaonja.